Vishindo darini usiku: panya, popo, komba au bati tu? Namna ya kuwatambua na kuwatoa (nyumba za Dar)

#1 Kenchi_na_Kofia

Wakuu, masika yakianza tu maswali ya panya darini yanajaa humu, na jibu la kwanza kila mara ni "weka sumu". Sumu darini ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa nyumba nyingi za Dar huifikii. Panya wa darini anatolewa kwa mitego na saruji. Ila kabla ya kununua chochote, jua kwanza ni nani anayekimbia juu yako, maana dawa ya mmoja ni hasara kwa mwingine.

Sikiliza saa. Jua likizama bati linapoa na kusinyaa, linapiga "ka! ka!" kwa nusu saa hivi kisha kimya. Hilo ni bati, lala zako. Vilio vyembamba kama vya vifaranga jioni, halafu kimya giza likishaingia: popo wanajiandaa kutoka. Kishindo kizito kimoja kimoja, kama mtu karusha embe juu ya siling bodi, hasa Goba, Mbezi, Kigamboni na kwingine kwenye miti mingi: huyo komba, na akilia huko nje kama mtoto mchanga basi umethibitisha. Vishindo vya mchana kweupe mara nyingi ni kunguru juu ya bati. Panya yeye anakimbia mfululizo, anasimama, anakwaruza, anatafuna. Kazi yake inachanganya muda mfupi baada ya giza kuingia, na tena kabla ya alfajiri.

Kisha kinyesi, tena chukua rula kabisa.

- Panya wa darini: milimita 12 hivi, ncha zimechongoka, kimetapakaa juu ya mbao.
- Panya mkubwa wa mitaroni: milimita 18 hadi 20, butu, mara nyingi rundo mahali pamoja.
- Panya mdogo wa nyumbani: milimita 3 hadi 6, punje ya mchele mwembamba.
- Mjusi: kina ncha nyeupe. Watu wengi wametega mtego mwezi mzima kwa ajili ya mjusi.
- Popo: kwa ukubwa kinafanana na cha panya mdogo, lakini ukikibonyeza kwa kijiti kikiwa kikavu kinasagika unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometameta. Cha panya hakisagiki hivyo. Halafu cha popo hurundikana chini ya sehemu moja anayoning'inia.

Anayepanda Dar ni Rattus rattus: mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko kiwiliwili na kichwa kwa pamoja. Yule mnene wa mitaroni mwenye pua butu na mkia mfupi kuliko mwili ni Rattus norvegicus. Anapenda chini, kwenye chemba na mashimo ya ukuta. Wote wawili mnawaita panya buku, sawa, ila buku wa kweli ni mnyama mwingine, ana mifuko mashavuni na nusu ya mwisho ya mkia ni nyeupe. Ndiye yule anayefundishwa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Huyo muacheni na kazi yake.

#2 mpangaji_sinza

Shukrani mkuu. Sasa sisi wa nyumba za kupanga, vyumba sita, kuta haziendi hadi kwenye bati na dari ni moja kwa nyumba nzima. Nikitega kwangu si nawatega wa wenzangu?

#3 Kenchi_na_Kofia

Ndivyo hasa, na watakuja bila kikomo. Nyumba ya namna hiyo inategwa vyumba vyote usiku mmoja au usitege. Kaeni na baba mwenye nyumba, mitego inunuliwe kwa pamoja. Mkishawapunguza, unaweza kukinga chumba chako kwa kupigilia wavu wa chuma kuanzia kichwa cha ukuta hadi kwenye bati. Hiyo ni kazi ya siku moja ya fundi mmoja.

#4 Mtego_wa_Kubana

Ngoja nishushe ya mitego, maana hapa ndipo watu wanapokosea na kusema "panya wa siku hizi wajanja".

Idadi. Nyumba ya vyumba vitatu inataka mitego 10 hadi 12 ya kubana, ile mikubwa ya panya. Mtego mmoja hauna maana. Mimba ya panya ni wiki tatu tu na mzao mmoja huwa sita, saba, nane. Ukiua mmoja kwa wiki unawalea.

Chambo. Nazi iliyobanikwa juu ya mkaa mpaka ianze kutoa mafuta haina mpinzani. Kipande cha ukubwa wa harage, kikifungwa kwa uzi wa kushonea kwenye ulimi wa mtego ili alazimike kuvuta. Ukikiweka bila kufunga atakinyanyua taratibu na kuondoka nacho. Siagi ya karanga ni nzuri, paka kidogo tu, asije akailamba akiwa pembeni. Dagaa hufaa zaidi kwa yule wa chini. Badilisha chambo kila siku mbili, kwani adui wa chambo Dar ni sisimizi: wakikifikia kwanza, asubuhi unakuta ulimi mtupu, mtego haujafyatuka, na unamsifia panya kwa akili ambazo hana.

Mahali. Panya hapiti katikati ya dari. Anafuata mbao na kingo za ukuta, na njia yake ina alama nyeusi ya mafuta ya manyoya. Weka mtego ukikingama njia, upande wa chambo ukigusa mbao au ukuta. Weka miwili miwili. Na ufunge kila mtego kwenye mbao kwa ule waya mwembamba wa kufungia nondo. Usipoufunga, panya aliyebanwa mguu anaondoka nao hadi pembeni kabisa ya paa pasipofikika, na huko ndiko atakakoozea.

Halafu lile watu wasilolifanya: usiku tatu au nne za mwanzo weka mitego na chambo BILA kuitega. Panya huogopa kitu kigeni kwenye njia yake. Akizoea kula hapo, tega yote usiku mmoja. Ukitega siku ya kwanza utapata mtoto mmoja asiyejua dunia, wakubwa wote watakuwa wameona.

Kagua kila asubuhi. Ikipita wiki nzima bila kupata kitu, na chambo ni kipya, umemaliza.

#5 dada_wa_tabata

Na ile gundi ya kwenye kadibodi?

#6 Mtego_wa_Kubana

Darini haifai, dada. Vumbi linaifunika baada ya siku chache, joto la chini ya bati linailainisha inatiririka, na utakaowakuta ni mijusi. Panya akinasa hafi, anapiga kelele usiku kucha. Gundi labda chini ya friji, nayo uikague mara mbili kwa siku.

Mtego wa kizimba unafanya kazi, tatizo ni asubuhi: una panya mzima mkononi. Kumwachia kwenye kiwanja cha jirani siyo kumtoa.

#7 fundi_umeme_ubungo

Kabla hamjapanda naomba niweke ya kwangu. Meno ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo lazima atafune, na waya ni saizi yake. Nyumba nyingi waya zimelazwa juu ya dari bila bomba. Zima meni swichi kabla ya kuingiza kichwa huko, tumia tochi ya kichwani. Ukikuta waya umemenywa hadi shaba inaonekana, usizungushe utepe ukaondoka. Kipande kizima kibadilishwe kutoka boksi hadi boksi na kipitishwe kwenye bomba la PVC. Pia mwambie fundi apime kwa mega (kipimo cha kuonyesha kama ganda la waya limevuja) saketi zote za dari, kwa sababu sehemu uliyoiona ni ile iliyo karibu na tundu la kupandia. Dalili ukiwa chini: harufu ya plastiki kuungua, taa inayopepesa chumba kimoja tu, breka inayokatika mvua ikinyesha.

Kukanyaga: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na mbao pekee. Jipsamu haibebi mtu. Beba ubao wa futi nne wa kulalia juu ya mbao mbili. Panda saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Kufika saa tano chini ya bati la Dar ni tanuri, watu huishiwa nguvu wakiwa huko huko.

#8 kiboko_ya_panya

Mambo mengi muda mchache. Kuna ile sumu ya wanaopita na spika, unachanganya na dagaa unarusha juu. Asubuhi kimya. Mnazunguka tu.

#9 Lebo_Kwanza

Asubuhi kimya, siku ya nne harufu. Mkuu, nikujibu kwa kirefu kidogo maana ushauri huo unaua watu.

Sumu isiyo na lebo huijui ni nini. Viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini husajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na pakiti halali ina jina la kiambato, kiwango chake na maelekezo. Kipakiti cha spika hakina. Mtoto akiila, daktari anaanza kwa kubahatisha, na dakika zinakwenda.

Za dukani ziko za aina mbili mtakazokutana nazo sana. Ya kwanza ni vidonge vikubwa au nafaka za rangi, kwenye lebo utaona neno "bromadiolone" au "brodifacoum", asilimia 0.005. Hizi huzuia damu kuganda. Panya hafi siku hiyo. Anakufa baada ya siku tatu hadi kumi, na ndiyo maana hashtuki, anarudi kula. Dawa ya kumtibu mtu au mbwa aliyeila ipo hospitalini, vitamini K. Ya pili ni unga mweusi au wa kijivu, zinki fosfaidi, unanuka kama kitunguu saumu. Ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi ya sumu. Hiyo haina dawa maalum ya kuitengua, na hata matapishi ya mbwa aliyeila yanatoa gesi, usiyainamie. Kwa nyumba yenye watoto ni bora isiingie kabisa.

Mtu akimeza yoyote, usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Beba pakiti, nenda hospitali.

Kwa nini siyo darini: panya aliyekula sumu hachagui kufia nje. Hadithi kwamba anatoka kutafuta maji ni ya wauzaji. Anafia nyuma ya siling bodi au ndani ya ukuta, harufu inakaa wiki moja hadi tatu, kisha nzi wa kijani wanaanza kushukia taa zako. Na wa kwanza kula panya mlegevu ni paka wako, kuku wa jirani na bundi. Huyo bundi mnayemfukuza kwa mawe mkidhani ni mkosi anakula panya kila usiku bila malipo.

Sumu ina nafasi yake, nje, chini, dhidi ya yule mnene wa mitaroni. Iwekwe ndani ya boksi la kufungwa kwa ufunguo, lililofungwa ukutani kwa skrubu, vidonge viwili au vitatu kwa boksi, boksi moja kila mita tano hadi kumi kandokando ya uzio. Kagua kila siku ya tatu, ongeza kilicholiwa. Ukiacha boksi likae tupu katikati ya wiki umempa dozi ndogo tu. Mizoga ikusanye kila asubuhi.

#10 kiboko_ya_panya

Haya, nimekusoma. Ila paka je?

#11 Mtego_wa_Kubana

Paka anapunguza wanaoshuka jikoni. Darini haendi, na akienda atakutobolea jipsamu. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa mlio usiosikika, wanavizoea. Nafutalini hivyo hivyo, inakuumiza wewe kichwa kwanza.

#12 Kenchi_na_Kofia

Sasa kuziba, ambako ndiko kazi yenyewe ilipo. Panya mchanga anapita tundu la milimita 12, na panya mdogo wa nyumbani tundu la milimita 6, unene wa penseli. Kwa hiyo kipimo chako ni penseli: ikiingia, pazibwe.

Zunguka nyumba mchana na ngazi. Sehemu zinazovuja kwenye nyumba zetu ni zilezile:

Mawimbi ya bati juu ya fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa). Bati la msauzi na la migongo mipana likikaa juu ya ubao ulionyooka linaacha upenyo chini ya kila mgongo. Nyumba moja inaweza kuwa na mapengo mia na zaidi, na fundi wa paa huwa kashalipwa kaondoka. Kata wavu wa chuma wa matundu ya robo inchi, upana wa sentimita 15, ukunje uwe kama herufi L, upigilie kwenye ubao ukifuata mawimbi. Chukua uliopakwa zinki. Wa kawaida ukiwa Msasani au Kigamboni chumvi ya bahari inaumaliza mapema. Wavu wa mbu wa plastiki anautafuna usiku mmoja.

Ncha za kofia. Juu kabisa ya paa, pale kofia inapoishia, mara nyingi pako wazi. Wavu tena, na skrubu za bati.

Mabomba: ya kiyoyozi, ya kutoka simtanki, ya hewa ya choo, na tundu la waya wa umeme ukutani. Waya wa TANESCO wenyewe usiuguse, wewe ziba ukuta ulipoingilia, tena mchana umeme ukiwa umezimwa. Sokomeza stiliwaya ya kusugulia sufuria ndani ya tundu ikae ngumu, kisha funika kwa saruji moja kwa mchanga tatu. Stiliwaya peke yake bila saruji itashika kutu na kudondoka unga. Lile povu la kuziba la kwenye kopo linavimba vizuri na kupendeza, halafu panya analitoboa kama keki.

Sofiti (dari la nje chini ya ukingo wa paa) zenye matundu ya hewa: usizizibe! Dari lisipopumua unyevu unaoza mbao. Weka wavu kwa ndani.

Mti. Matawi yakae mita mbili kutoka kwenye paa. Mnazi ulio peke yake, zungushia bati laini la upana wa sentimita 60, juu ya kimo cha mtu, kama wafanyavyo wakulima wa minazi kulinda madafu. Lakini kuti moja likigusa paa umefanya mapambo.

Na mpangilio, tafadhali. Usizibe kila kitu siku ya kwanza ukawafungia ndani. Tafuta tundu wanalolitumia zaidi: sokomeza karatasi ya gazeti kwenye kila tundu, yale yaliyosukumwa ndani ya usiku mbili au tatu ndiyo yenye wapangaji. Ziba mengine yote, acha hilo moja. Tega mitego kama mkuu alivyoeleza hapo juu. Wiki ikipita bila kitu, ziba hilo la mwisho.

#13 mama_goba

Kwetu kinyesi kinasagika kama ulivyosema, na kuna doa jeusi chini ya kofia. Ni popo. Nao ni mitego?

#14 Kenchi_na_Kofia

Hapana mama. Popo hategwi, hapigwi sumu wala moshi, na usimshike kwa mkono mtupu kwani anauma na anaweza kubeba maradhi. Simameni watu wawili pande mbili za nyumba kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, mwone wanatokea wapi. Ziba kwingine kote. Kwenye tundu lao ning'iniza kipande cha turubai laini au wavu mwepesi, ubane juu na pembeni, chini uache wazi, ushuke nusu mita chini ya tundu. Wanatoka kwa kuteleza, kurudi hawawezi. Acha wiki moja, kisha ziba kabisa. Ukisikia vilio vya vitoto ndani, au ukiona wadogo wasio na manyoya, subiri wiki kadhaa mpaka waruke, la sivyo watafia humo humo na harufu yake unaijua.

Komba ni rahisi: anahitaji tundu kubwa. Akitoka usiku kwenda kwenye miembe, ziba. Na msiache madumu ya tembo (pombe ya mnazi) nje, hatukusema "amelewa kama komba" bure.

#15 afya_mazingira

Naongezea usafi, kwani wengi wanamaliza panya halafu wanaumwa kwa kufagia. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyotokea Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Usifagie kikavu, vumbi lote unalivuta. Vaa glovu za mpira na barakoa inayobana. Changanya Jik kikombe kimoja kwa maji vikombe tisa, nyunyiza, subiri dakika kumi, okota kwa karatasi weka kwenye mfuko, funga, mfuko wa pili juu. Kwenye jipsamu nyunyiza ukungu tu kwa chupa ya kupulizia. Ukimwaga kwa kopo ubao unavimba na kuning'inia, utalipia dari jipya. Usichanganye Jik na dawa yoyote ya choo. Fungua madirisha.

Kiota huwa cha sponji ya godoro, sufi ya mito na mifuko iliyochanwa. Kitoe chote. Panya akifa viroboto humhama akishapoa, basi mzoga upulizie dawa ya wadudu, uuingize mfukoni bila kuukamata kwa mkono, na uufukie futi mbili chini ili mbwa wasiufukue.

Chini nako: ndoo ya taka yenye mfuniko, maji ya kunywa yafunikwe, mchele na unga kwenye madumu magumu. Panya wa darini anahitaji maji kila siku. Sinia la maji ya friji na ndoo ya bafuni iliyo wazi ndivyo visima vyake.

#16 mpangaji_sinza

Tumekubaliana vyumba vitano kati ya sita. Wa sita hataki. Tuanze?

#17 Mtego_wa_Kubana

Anzeni, ila mitego minne iwe juu ya mpaka wa chumba chake, njia zote mbili za mbao. Na mnyunyize unga wa muhogo kwenye ubao mmoja upande wake na mmoja upande wenu, futi moja kwa futi moja. Nyayo zikionekana upande wake tu kwa wiki nzima, mpelekeeni huo ubao mlangoni kama ulivyo.